Manyoya ya Jiwe Kwenye Chupa

Masanze,
Jumapili, 26 Januari 2025

Mpwa wangu Joha,

Marahaba. Naitanguliza, maana najua utaniamkia kabla hujasoma mstari wa pili.

Sisi huku wazima. Mahindi yamesimama vizuri, mpunga wa bondeni unangoja maji. Dada yako Costancia amepata mjukuu wa kiume, anambeba kutwa nzima kana kwamba amemzaa yeye. Goti langu la kushoto limekataa shamba kabisa na la kulia limeanza kulifuata. Usinipigie simu. Masikio yangu mashine za mkonge ziliyala ujanani na sasa simu kwangu ni nyuki ndani ya debe. Andika, mpe Evance konda, yeye anafika mpaka mlangoni.

Mzigo wako kauleta. Nilipouona umefungwa kanga mbili nikasema huyu mtoto kanitumia asali. Nafungua, nakuta chupa ya kioo kubwa kama kichwa cha ng'ombe, ina kifuniko, na ndani mna kokoto, mkaa, udongo na majani. Karatasi uliyobandika nimeisoma mwenyewe, sikumpa mtu anisomee. Cheti changu cha kisomo cha watu wazima bado kiko ukutani, na mwaka ule darasani nilikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa karani, kwa hiyo hahesabiki.

Unasema ni bustani ya kunipa kazi ya kufanya nimekaa, na unasema nisiimwagilie. Joha, mimi nimelima miaka hamsini. Nimelima pamba, alizeti, mpunga, na vitunguu vyangu vilikwenda Nanenane Morogoro watu wakavipigia picha. Umechukua mmea ukaufungia kama mahabusu halafu unaniambia usipewe hata maji. Nimefungua nikaupa kikombe. Kesho nitaupa kingine.

Watu wanakuja kuitazama. Nawaambia majani haya ya Mikumi, kayatuma mpwa wangu anayetunza bustani ya hoteli nzima. Mwalimu Mathayo, huyu jirani yangu mstaafu, aliikodolea macho akasema, "Mzee Yassin, hiyo itaoza kabla ya mfungo." Nikamwambia, "Wewe ulifundisha hesabu, kaa na hesabu zako."

Msalimie Nuru. Mwambie babu yake hajambo.

Mjomba wako,
Yassin

*

Mikumi,
Jumamosi, 8 Februari 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili Nuru alikuwa ananisomea kwa sauti na kucheka hapo kwenye nyuki. Ameingia darasa la tatu na amekuwa mrefu. Hapa hotelini tuna meneja mpya, anataka kila kitu kibadilike.

Mjomba, nakuomba usiongeze maji. Chupa hiyo ikifungwa inajinywesha yenyewe. Maji yanapanda kutoka kwenye udongo, yanashika kioo, yanashuka tena. Ukiongeza kikombe kila siku hayana pa kwenda na mizizi inaoza. Iweke mahali penye mwanga lakini jua lisiipige moja kwa moja, la sivyo majani yatapikika humo ndani. Asubuhi kioo kikitoka jasho kidogo ni sawa. Kikiwa na ukungu kutwa nzima hata huoni ndani, fungua kifuniko saa mbili tatu kipumue, kisha funga. Jani likigeuka njano litoe mapema lisiambukize mengine. Igeuze kidogo kila wiki ili mimea isilale upande mmoja.

Zaidi ya hapo ni kuitazama tu. Najua kutazama bila kushika ni kazi ngumu kwako.

Mpwa wako,
Joha

*

Masanze,
Jumapili, 23 Februari 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku wote wazima isipokuwa kuku wa Costancia, wamekufa saba kwa mdondo. Mfungo unaingia wiki ijayo. Mimi nafunga kama kawaida, magoti hayali.

Sasa kuhusu majani yako. Yalikuwa dhaifu. Yamelainika yakawa kama mlenda na yakatoa harufu. Usiseme ni maji, mimi nimemwagilia tangu Nyerere yuko hai na sijawahi kuua kitu kwa maji. Ni majani ya kubembelezwa, ya watu wa hotelini. Mathayo alikuja akainusa, hakusema neno, na kunyamaza kwake kuliniudhi kuliko maneno.

Nikaosha chupa kwa maji ya moto. Nikapanga kokoto chini, mkaa juu yake, udongo juu ya mkaa, kama ulivyopanga wewe. Kisha nikapanda vitu vyenye nguvu. Nimetia manyoya ya jiwe, yale majani mafupi laini yanayolala juu ya mawe kama zulia, na kangaga tatu changa, mimea ile ya kivulini inayokunja vichwa, ndefu kama kidole. Nilikovitoa ni mahali ninapopajua mimi.

Joha, ungeiona. Nimeiweka kwenye dirisha la chumbani ambalo jua haliingii. Nimefunga na sijafungua siku kumi na moja. Asubuhi kioo kinatoka jasho, mchana kinakauka, jioni nikiweka mkono nakisikia cha baridi. Kangaga moja imekunjua kichwa chake jana. Hakuna mtu Masanze nzima mwenye kitu hiki, na nadhani hata Kilosa mjini hakuna.

Watu wakiuliza nawaambia ni majani yale yale ya Mikumi, yamefufuka mkononi mwangu. Nawe ukiulizwa na mtu wa huku, ni ya Mikumi.

Njoo Idi. Lete na Nuru.

Mjomba wako,
Yassin

*

Masanze,
Jumamosi, 12 Aprili 2025

Mpwa wangu,

Marahaba, ingawa tangu muondoke hujaandika hata kusema kama mlifika. Evance ndiye aliyeniambia alikushusha salama na mtoto amelala begani. Si vizuri kumsikia mpwa wako kwa konda.

Idi ilikuwa nzuri. Nilifurahi ulivyowapakulia wageni na ulivyosimama nyuma yangu nilipokuwa nawaonyesha chupa. Uliitazama kwa muda mrefu. Nadhani ni kwa jinsi ilivyopendeza.

Sasa nakuandikia yale niliyokuambia siku ya pili ya Idi tulipopanda chemchemini, maana njiani nilikuwa nahema na huenda maneno mengine hukuyashika. Pale ni pa ukoo, panashikwa na mjomba, na mjomba anamwachia mtoto wa dada yake. Mimi nilipewa na kaka yake mama yangu. Tangu hapo hakuna chuma kilichoingia, hakuna kiatu, na hakuna kitu cha kijani kilichotoka. Maji unachota kwa kibuyu, mengine yote unayaacha ulivyoyakuta. Yale mawe yamevaa yale manyoya tangu kabla ya bibi yake mama yangu, na ndiyo yanayoyalea maji yale yakawa ya baridi hata mwezi wa kumi, wakati visima vya chini vyote vimekuwa tope. Nusu ya Masanze inakunywa maji yanayoshuka kutoka hapo bila kujua nani anafagia.

Nimekuonyesha wewe. Costancia ni mkubwa kwako na mama zenu ni tumbo moja, kwa haki angeanza yeye, lakini yule siri kwake hailali hata usiku mmoja. Nilikuegemea bega kupanda na kushuka, nikasema moyoni huyu ndiye.

Chupa inaendelea vizuri. Nimetoa jani moja tu la njano.

Mjomba wako,
Yassin

*

Mikumi,
Jumanne, 20 Mei 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya, kazi zimetuzidi kabla ya msimu wa wageni. Nuru alipata homa lakini amepona. Nimempa Evance sukari, majani ya chai na shuka zito la baridi. Nimeongezewa mkataba wa mwaka mmoja, namshukuru Mungu.

Nina swali moja, nakuuliza kama mtaalamu. Manyoya ya jiwe yakikatwa yanachukua muda gani kurudi? Naulizia kwa ajili ya chupa yako, siku ukitaka kuipunguza.

Mpwa wako,
Joha

*

Masanze,
Jumapili, 1 Juni 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Sukari imefika na shuka nimelilalia, ni zito kama ulivyosema. Nimefurahi kwa mkataba, nimewaambia wote, hata waliokuwa hawajauliza.

Swali lako ni zuri na umeuliza mtu anayejua. Ukipunguza juu juu yanarudi masika moja. Ukiyang'oa na ngozi yake ya chini, jiwe likabaki tupu, mimi sijaona yakirudi. Kuna jiwe moja pale kaka wa mama yangu aliniambia liliteleza likachunika yeye akiwa mtoto, na mpaka anazeeka lilikuwa na madoa tu. Kwa hiyo ya kwenye chupa sitayagusa, yametulia, na hivi juzi

Leo ni Ijumaa, tarehe 6. Barua hii niliiacha hapo juu kwa sababu Costancia alipiga hodi. Kesho ni Idi ya kuchinja na mimi sina hamu na nyama.

Alikaa, akaniambia, "Mjomba, wageni wako walirudi salama?"

Nikamwambia, "Wageni gani?"

"Wa Joha. Wale wa gari jeupe, Jumamosi ile ya mwanzo wa mwezi wa tano."

Nikamwambia hakuna mgeni aliyenifikia. Akaniangalia. Akasema, "Basi mimi nimenuna mwezi mzima bure. Nilidhani umewaruhusu watu wa hotelini wapande mahali ambapo mimi mtoto wa dada yako hujawahi kunipandisha." Kisha akaniambia alipanda mwenyewe juzi kufuata maji ya kumwogeshea mjukuu, akaniambia alichokikuta.

Sikumwamini. Nilikodi bodaboda mpaka njia inapoishia, pale juu nikapanda kwa mikono na magoti kama mtoto. Joha, nimepaona. Mawe ya upande wa jua kuchomoza yamechunwa yote. Yana alama za panga. Kuna nyayo za buti kwenye tope na kiroba kitupu kimeachwa. Lile jiwe mama yangu alilokuwa akilikalia kuosha miguu limekuwa jeupe kama mfupa.

Sikuulizi kama ulikuja. Jumamosi ile nilikuwa barazani. Niliona gari jeupe likipita polepole, nikainua mkono kama ninavyomwinulia kila mpita njia. Vioo vilikuwa vimepandishwa.

Nijibu.

Yassin

*

Mikumi,
Jumapili, 6 Julai 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini magoti yanaendelea vizuri katika baridi hii. Nuru anakusalimu, amekuwa wa nne darasani. Wageni ni wengi, siku nyingine natoka kazini giza limeingia.

Hayo uliyoandika nayaona si ya kuyamaliza kwa barua. Nikipata likizo nitakuja tukae tuzungumze. Nimempa Evance dawa ya kuchua, upake asubuhi na jioni.

Mpwa wako,
Joha

*

Masanze,
Jumapili, 13 Julai 2025

Joha,

Salamu yako nimeiona na sikuiitikia.

Dawa nimemrudishia Evance. Magoti haya yaliharibika zaidi nilipopanda kwenda kuona kazi yako, hayapakwi na mkono huo huo.

Nilingoja mwezi mzima. Nilimwambia Mathayo kwamba barua imepotea njiani, nikamgombeza Evance mbele ya abiria kwamba anatupa barua za watu, kijana wa watu akaapa. Kumbe hukuandika. Na ulipoandika umeniandikia kuhusu darasa la tatu.

Basi sikia. Jana ukoo umekaa kwa Costancia. Maji ya chemchemi yameanza kuwa ya uvuguvugu na yanatoka na tope, wanawake wanaochota wameanza kusema. Walikuja wazee watatu wa upande wa kijiji cha Ulaya, na wajomba zako wadogo wawili. Wakaniuliza mbele ya wote nani aliyewaonyesha watu wa mbali njia ile. Nikasema nilimwonyesha mmoja tu, mrithi wangu, kwa sababu ndivyo tunavyofanya, na mrithi akageuka akaleta panga. Nikakutaja jina na jina la mama yako.

Mzee wa kwanza akasema, "Basi huyo hayumo." Wamekutoa. Hushiki tena, hupandi tena, na maji yale huchoti. Mimi wameniachia nishike mpaka atakapopatikana mwingine. Wamesema mimi sina kosa, niliamini damu yangu.

Nimerudi nyumbani nikala ugali wangu. Niliona nimesema kweli.

Nilikuegemea bega, Joha.

Yassin

*

Mikumi,
Jumapili, 27 Julai 2025

Mjomba,

Shikamoo, hata kama hutaitikia. Sijalelewa kuanza barua bila hiyo.

Nitaandika yote na sitarudia. Meneja alitaka kila chumba kiwe na chupa yake, vyumba ishirini na nne. Nilijaza kwa majani ya kununua na yote yakaoza, kama yale yaliyooza kwako. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi wa tano na alishaniambia mtu wa kuotesha vitu vya kuoza hamhitaji. Siku ile ya Idi nilipiga picha chupa yako. Nilimwonyesha kwa kujivuna, nikamwambia tazama mjomba wangu wa miaka sabini na nane alivyokushinda. Kujivuna huko unajua nimekutoa wapi. Akaitazama ile picha, akaniuliza, "Haya yanapatikana wapi?"

Nikasema. Nilidhani tutachukua kiroba kimoja, kwa mkono. Walikuja watu wawili na mapanga, na nilipowaambia wavue viatu walicheka. Sikuwazuia. Nilisimama pale nimevua vya kwangu kana kwamba hiyo inasaidia.

Na nilikuona barazani. Uliinua mkono. Niliinama nikajifanya naokota kitu chini ya kiti mpaka nyumba yako ikapita. Hilo ndilo ninaloliota, si mawe.

Sasa na wewe usome la kwako. Siku ile tuliyopanda, ulipokuwa umekaa unahema, nilizunguka nyuma ya jiwe la chini. Kuna pengo la ukubwa wa sahani, limekatwa kwa uangalifu, kingo zake bado mpya, na pembeni vishina vitatu vya kangaga vilivyong'olewa. Tuliporudi nikaitazama chupa yako. Wewe unasema niliitazama kwa jinsi ilivyopendeza. Mjomba, nilikuwa nahesabu kangaga.

Sikukuuliza. Jioni ile uliposimama mbele ya wageni ukawaambia majani ya Mikumi, nilisimama nyuma yako nikanyamaza, kwa sababu wewe ni mjomba wangu. Lakini njiani kurudi nilijiambia, kama yeye amechukua na bado maji ni baridi, basi yale ya hakuna cha kijani kutoka ni maneno ya kuwatisha watoto. Ningejua kwamba ni kweli ningekataa. Nadhani ningekataa. Wewe ndiye uliyenionyesha kwamba si kweli, halafu nusu saa baadaye ukaniapisha kwamba ni kweli.

Chupa kumi na tatu zimeshakufa. Wageni wanafungua, wanaziweka juani, mmoja alitia bia. Zilizobaki nazitunza kila asubuhi na sioni raha.

Nimekosa na wamenitoa. Lakini nilitajwa peke yangu, na ulipokuwa unanitaja ile chupa ilikuwa dirishani kwako.

Joha

*

Masanze,
Jumapili, 31 Agosti 2025

Mpwa wangu Joha,

Marahaba. Ya mwanzo wa mwezi wa saba na ya mwisho wake, zote mbili.

Sisi wazima. Mathayo alianguka bafuni akavunjika mkono, ananiambia sasa yuko tayari kusikiliza habari zangu zote kwa kuwa hawezi kukimbia. Upepo wa kiangazi umeezua choo cha Costancia.

Barua yako nilikaa nayo wiki tatu. Kwanza niliikasirikia. Niliandika majibu mawili makali nikayachana, na unajua mimi kuandika kunavyonichukua. Katika moja nilisema sahani si gari, na kisu changu kilikuwa cha mti, nilikichonga makusudi ili nisiingize chuma. Ni kweli nilikichonga. Nilikaa nusu siku nachonga kisu cha mti ili nivunje mwiko mmoja bila kuvunja mwingine. Nilipolisoma hilo kwa mwandiko wangu mwenyewe nikaona aibu, nikachana.

Nilichukua kwa sababu Mathayo alinicheka bila kucheka. Ndiyo sababu yote, sina nyingine. Nilitaka chupa iishi watu waone. Na iliishi, Joha. Mpaka wiki iliyopita ilikuwa imejaa mpaka kwenye kifuniko, kangaga zimekuwa saba. Kila asubuhi nilikuwa naifurahia na kila asubuhi nilikuwa nageukia upande wa pili, nisiitazame sana.

Jumapili iliyopita niliivika kanga nikaibeba mpaka kwa Costancia, alikuwa ndiyo kwanza ametoka kanisani. Nikaiweka mbele yake.

Akasema, "Hii si ile ya Mikumi?"

Nikamwambia, "Ya Mikumi ni chupa na kifuniko. Vilivyomo ni vya kwetu. Nilivitoa mimi kabla ya Joha, na Joha alijua akanifichia."

Costancia hakupiga kelele, ningependa angepiga. Alimpakata mjukuu wake akaniuliza polepole, "Na siku ile wazee wanasema mjomba hana kosa, ulikuwa unakula wali wangu huku unajua?"

Nikamwambia, "Nilikuwa najua."

"Ulikula sahani mbili," akasema.

Ameita wazee siku ile ile. Nimesema tena mbele yao, mara hii nimesimama, na sikutafuta maneno mazuri. Na mimi wamenitoa. Anashika Costancia, ambaye nilikuambia siri kwake hailali, na mwezi mzima alikuwa amejua habari za gari lako asimwambie mtu mwingine ila mimi. Nimemkosea na yeye, nitakufa na hiyo.

Ameshapanda na wanawake wanne. Wamezungushia matawi makavu upande wa jua ili mawe yapate kivuli. Alivitoa vya kwenye chupa kwa vidole akavirudisha kwenye pengo langu nyuma ya jiwe la chini, akasema vimeshika, ingawa vimezoea kufungiwa na bado vinalegea mchana. Mawe yako hajui yatafanyaje. Amesema kila aliyechukua arudishe alichobakiwa nacho, hata kama ni kidogo. Wewe una chupa kumi na moja. Namna ya kuzitoa hapo hotelini na utakavyomwambia meneja ni kazi yako, sikufundishi, na najua inaweza kukugharimu huo mkataba.

Sasa nasikiliza moyo wangu nikuandikie ulivyo. Sijakusamehe. Ungekuja na mapanga kumi ukaanza kwangu ukasema, mjomba, nimebanwa, ningekasirika, ningekufukuza, na kesho yake ningekuita. Ulipita. Nikilala naona vile vioo.

Lakini mimi nilikutaja peke yako mbele ya watu waliomzika mama yako, na nilijua ninachokifanya. Kwa hilo nakuomba radhi. Nimeandika mara moja na sitaandika tena, kwa hiyo barua hii usiipoteze.

Costancia amekuwekea Jumamosi ya tarehe 20 Septemba, asubuhi. Atakupandisha yeye. Mimi siruhusiwi kufika hata chini ya kilima, nitabaki nyumbani na nitachemsha chai ya watu wawili. Usipokuja nitainywa yote mwenyewe, na Mathayo akiniuliza nitamwambia nilikuwa na kiu.

Mjomba wako,
Yassin